Usukani Ukigoma Kurudi

Ndugu mafundi, ndugu madereva, na ninyi vijana mlio kwenye mafunzo, nawashukuru kwa kuja kunisikiliza.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya usukani, na ningeweza kugusa mengi: usukani unaotetemeka, unaovuta upande, unaogonga, ulio mzito. Yote hayo nimeyaweka kando. Nataka tushughulike na ugonjwa mmoja tu, ule wa dereva kukata kona, akalegeza mikono, na usukani ukabaki palepale alipouacha. Au ukarudi nusu, ukakwama njiani, mpaka dereva ausukume mwenyewe.

Nimeuchagua huu kwa sababu ndio unaotibiwa kwa kubahatisha kuliko mingine yote. Gari linafanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kupangwa pembe za magurudumu. Lisipopona linafanyiwa tena kwingine. Kisha linabadilishiwa raki, lile sanduku lenye fimbo ya meno inayogeuza magurudumu, kisha pampu ya usukani, na mwisho mwenye gari anaambiwa kwamba magari ya aina yake ndivyo yalivyo. Anaondoka, anazoea, anaendesha hivyo kwa miaka. Hilo linaniuma, kwa kuwa ugonjwa wenyewe unapimika, na mara nyingi sana chanzo chake ni kitu kidogo kilichokauka.

Na tusidhani ni kero tu. Unapotoka kwenye kona, gari linatakiwa linyooke lenyewe pale unapolegeza mikono. Lisiponyooka, linaendelea kukata kona iliyokwisha, na mbele yake kuna upande wa wanaokuja au kuna mtaro. Kwenye njia iliyonyooka hali si nafuu. Kila marekebisho madogo unayofanya yanabaki, kwa hiyo unarekebisha marekebisho, gari linapepesuka kushoto na kulia, na baada ya saa chache mabega yanauma bila wewe kujua sababu. Dereva aliyelizoea gari la namna hiyo hawezi hata kukueleza tatizo. Atakwambia tu kwamba gari linamchosha.

Sasa, hoja yangu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Usukani usiorudi una moja ya mambo mawili: ama nguvu inayourudisha imepungua, ama kuna kitu kinaukaba. Ni mambo mawili tofauti kabisa, yanatafutwa mahali tofauti na yanatibiwa tofauti. Fundi anayeshika spana kabla hajajua ni lipi kati ya hayo anatumia fedha za mteja kubahatisha. Na kama gari halijagongwa, halijainuliwa, halijabadilishwa springi, basi anza kushuku kinachokaba. Nguvu ya kurudisha haipotei hivi hivi, maana imejengwa ndani ya umbo la gari lenyewe.

Tuanze na hiyo nguvu, maana huwezi kusema imepungua kama hujui inatoka wapi.

Gurudumu la mbele linapogeuka, linazunguka kwenye mhimili wake wa kugeukia. Kwenye gari lenye shokapu ndefu za mbele, mhimili huo ni mstari unaoanzia kwenye beringi ya juu ya shokapu na kushuka hadi kwenye bolijointi ya chini, yaani kiungo chenye tufe ndani yake. Ukilitazama gari kwa ubavuni, mstari huo haukusimama wima. Umelala kidogo kuelekea nyuma, juu ukiwa nyuma zaidi kuliko chini. Ulalo huo mafundi tunauita kasta, na kwenye magari mengi madogo ya leo ni kati ya nyuzi 3 na 7 hivi. Sasa urefushe mstari huo kwa mawazo hadi ugonge ardhi. Utagonga mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Maana yake ni kwamba tairi linaburutwa nyuma ya mhimili wake, kama magurudumu madogo ya toroli yanavyogeuka yenyewe kufuata unakolisukumia. Gari likiwa kwenye kona, barabara inalisukuma tairi kwa pembeni, na kwa kuwa msukumo huo unapita nyuma ya mhimili, unalipinda gurudumu kurudi kwenye mwelekeo wa safari.

Tairi lenyewe pia linachangia. Raba inapokanyaga barabara huku imegeuzwa, sehemu ya mbele ya unyayo wake inagusa kwanza na kunyooka, na kadiri inavyokwenda nyuma ndivyo inavyozidi kupindwa. Kwa hiyo nguvu ya pembeni haikai katikati ya unyayo, inakaa nyuma kidogo ya katikati, na hilo nalo linarudisha gurudumu. Ndiyo maana gari ambalo kasta yake ni ndogo bado lina uzito fulani wa kurudi likiwa kwenye mwendo.

Na kuna jambo la tatu. Ukilitazama gari kwa mbele, mhimili uleule umelala pia kuelekea ndani, juu ukiwa ndani zaidi kuliko chini. Kwa sababu ya ulalo huo, ukigeuza usukani unalinyanyua gari kidogo sana kwa mbele. Uzito wa gari unataka kushuka, na njia ya kushuka ni magurudumu kunyooka. Nguvu hii inasaidia hasa gari likienda polepole, wakati tairi bado halijapata msukumo wa kutosha wa pembeni.

Elimu hii si mpya. Mfaransa Arthur Krebs aliomba hataza mwaka 1896 akipendekeza ekseli ya mbele ilazwe namna hiyo ili gari lijinyooshe lenyewe. Katika magari ya zamani yasiyo na pawa stering, yaani msaada wa kugeuza usukani, watengenezaji waliogopa kasta kubwa, kwa kuwa kadiri usukani unavyorudi kwa nguvu ndivyo unavyokuwa mzito kugeuza. Chrysler walipoanza kuuza gari dogo lenye usukani wa hidroliki, unaosaidiwa na msukumo wa mafuta, mwaka 1951, uzito haukuwa tena kikwazo, na kasta ikaweza kukua. Kwa hiyo mtu akileta gari la zamani sana akilalamika kwamba halirudi kama jipya, mjue kwamba huenda liliundwa hivyo.

Kuna gari moja napenda kulitaja kwa vijana, Citroën SM ya mwaka 1970. Usukani wake ulirudishwa katikati na hidroliki, hata gari likiwa limesimama, mradi injini inanguruma. Naitaja ili muone kwamba hiyo ilikuwa ajabu. Magari ya kawaida hayafanyi hivyo. Gari likiwa limesimama, raba imeng'ang'ania ardhi, na usukani kubaki pale ulipouacha si ugonjwa. Msikubali mteja akawaonyesha tatizo akiwa ameegesha. Gari lazima litembee.

Basi tutoke nalo.

Tafuteni sehemu pana, tambarare, isiyo na watu wala magari. Kabla ya kuondoka pimeni upepo wa matairi, kwa sababu tairi lililolegea mbele linaufanya usukani uwe mzito na mvivu, na ni aibu kufungua gari zima kwa ajili ya upepo. Tazameni pia kama matairi yaliyofungwa ni ya upana uliokusudiwa na kama ya kushoto na kulia yanafanana. Hilo ni la dakika chache, lifanyeni, kisha tuendelee.

Kwenye mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, kateni kona ya wastani, kisha legezeni vidole bila kuondoa mikono karibu na usukani. Tazameni unavyorudi. Fanyeni kushoto, fanyeni kulia. Mnachotafuta hapa si jibu la ndiyo au hapana. Tafuteni tabia. Usukani unaorudi polepole, sawasawa pande zote mbili, ukaishia karibu na katikati, unawaambia kitu kimoja. Unaorudi vizuri halafu ukasimama ghafla ukiwa umebakiza robo, kila mara palepale, unawaambia kingine. Unaorudi kutoka kulia lakini si kutoka kushoto ni habari nyingine kabisa.

Kisha kuna ule unaokumbuka. Umekata kona ya kulia, umerudi kwenye njia iliyonyooka, na sasa gari linavuta kulia. Ukakata kona ya kushoto, likaanza kuvuta kushoto. Huu ndio unaowachanganya mafundi wengi, maana wanapima alaimenti na kukuta iko sawa, kisha mteja anarudi kesho yake kusema linavuta upande wa pili. Gari linalobadilisha upande wa kuvuta kulingana na kona ya mwisho halina shida ya alaimenti. Lina kitu kilichojisokota kama springi na kinaendelea kusukuma. Likumbukeni hili. Nitalirudia tukifika kwenye shokapu.

Sasa tulinyanyue. Magurudumu yote mawili ya mbele yawe hewani, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Injini imezimwa, lakini funguo imefunguliwa ili kufuli la usukani lisishike. Zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na usitumie nguvu. Tumia vidole. Gari lenye hidroliki litakuwa na uzito kiasi kwa sababu unasukuma mafuta ndani ya raki bila pampu, na huo ni uzito wa kawaida. Unachosikiliza ni kama uzito huo uko sawa njia nzima.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vidole vinajua mengi kuliko mashine.

Ukisikia mwepesi, mzito, mwepesi, mzito, na uzito huo unatokea mara mbili katika kila mzunguko mmoja kamili wa usukani, acha kila kitu uende kwenye krosi ya usukani. Ni ile jointi inayounganisha fimbo ya usukani na raki, na mara nyingi ziko mbili: moja juu, karibu na miguu ya dereva, na moja chini, ambako maji na joto la injini vinafika. Ya chini ndiyo inayokauka. Krosi ina mhimili wa kwenda na wa kukatiza, na mmoja ukishika, kila nusu mzunguko unakutana nao tena. Ndiyo sababu ya mara mbili. Hakuna kifaa kingine kwenye usukani kinachotoa alama hiyo kwa uwazi namna hiyo. Piga tochi pale chini, utaona unga mwekundu wa kutu umezunguka vikombe vidogo vya krosi. Ukitaka kuhakikisha, puliza mafuta ya kupenya kutu, zungusha usukani mara kadhaa, na ukiona umelainika umeshapata jibu. Lakini nawaomba sana, msimrudishie mteja gari kwa mafuta hayo. Yatadumu siku chache na kutu itarudi, na safari hii mteja ataamini mlishatibu. Krosi inabadilishwa.

Karibu na hapohapo kuna mpira unaoziba tundu ambalo fimbo ya usukani inapitia kuingia upande wa injini. Mpira huo ukikauka unaishika fimbo kwa mduara mzima. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza kama raba juu ya kioo, na usukani unaorudi kwa kusuasua hasa pale unapokaribia katikati, ambako nguvu ya kurudisha tayari ni ndogo. Grisi ya silikoni kidogo, kazi imekwisha. Kuna raki nzima zimebadilishwa kwa ajili ya mpira huo.

Kama vidole havijakupa jibu, gawanya mfumo. Huu ndio moyo wa kazi yote. Usukani ni mnyororo wa vitu vilivyoshikana, na njia ya kujua ni kipi kinakaba ni kuvitenganisha kimoja kimoja, ukigeuza kila kilichobaki.

Nyosha magurudumu kwanza, kisha funga usukani usizunguke. Chini ya usukani wenye eabegi kuna waya uliojiviringisha ambao una mizunguko michache tu, na usukani ukizungushwa ovyo ukiwa umeachana na raki, waya huo unakatika. Weka alama ya rangi kwenye krosi na kwenye shina la raki linaloingia humo ili virudi pale vilipokuwa. Fungua bolti, tenganisha. Sasa shika gurudumu kwa mikono na uligeuze kushoto na kulia. Limekuwa jepesi? Ugonjwa uko juu, kwenye fimbo na krosi. Bado zito? Uko chini. Basi chomoa ncha za tairodi, zile fimbo zinazounganisha raki na magurudumu, kutoka kwenye habu zote mbili, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu. Sasa una vitu vitatu vilivyojitenga: raki peke yake, habu ya kushoto peke yake, habu ya kulia peke yake. Geuza kila kimoja. Habu isiyo na ugonjwa inageuka kwa mkono mmoja kwa ulaini uleule mwanzo hadi mwisho. Inayonata, inayokwama, inayotoa mlio wa chuma kikavu, hiyo umeshaikamata.

Kinachonata hapo ni bolijointi au beringi ya juu ya shokapu. Bolijointi mpira wake ukipasuka, maji yanaingia, grisi inatoka, na tufe la ndani linashika kutu. Fundi aliyezoea kutafuta uchezaji ataitikisa, aione haichezi, aipitishe. Hapo ndipo tunapokosea kama fani. Tumejifunza kwamba bolijointi mbovu ni iliyolegea, tukasahau kwamba iliyokaza nayo ni mbovu, na ya kukaza inaweza kuvunja shingo yake bila onyo. Hata mpya inaweza kuwa tatizo. Zipo zinazouzwa zikiwa zimebanwa mno kiwandani, na gari lililoingia gereji likirudi vizuri linatoka halirudi. Usukani ukigoma mara tu baada ya matengenezo, anzeni na kilichobadilishwa. Kwenye magari ya mizigo yenye kingi pini, yaani pini ambazo magurudumu yanageukia, mambo ni yaleyale: grisi isipopigwa kwa wakati, au ikipigwa gari likiwa limekanyaga chini na hivyo isifike upande unaobeba uzito, pini inakauka na usukani unakuwa wa kusukumwa.

Beringi ya juu ya shokapu ina ujanja wake. Ukilinyanyua gari, uzito unaondoka, na beringi mbovu inaweza kugeuka kama nzima. Kwa hiyo hii ipimeni gari likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake. Mtu mmoja ageuze usukani polepole, mwingine aweke kiganja kwa uangalifu ubavuni mwa springi, vidole visiingie katikati ya mizunguko. Springi ya gari lisilo na kasoro inageuka pamoja na gurudumu kwa ulaini. Beringi ikishika, springi inabaki nyuma, inajisokota, kisha inaachia kwa kishindo, na kiganja chako kinaruka pamoja nayo. Na huo msokoto ndio kumbukumbu niliyoitaja. Springi iliyosokotwa kulia inasukuma gurudumu muda wote mpaka kona nyingine iisokote upande wa pili. Mteja anasema gari linavuta, fundi anapima pembe, na pembe hazina kosa lolote.

Nije kwenye raki, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Nyuma ya raki kuna nati ya kurekebisha. Ndani yake kuna springi na kidude kinachoisukuma fimbo yenye meno ikae karibu na pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na fimbo ya usukani. Gari likianza kugonga kwenye barabara mbovu, kuna mafundi wanaoikaza nati hiyo, kugonga kunaisha, mteja anafurahi, analipa. Wiki moja baadaye usukani haurudi. Sababu ni hii: meno ya raki yanachakaa zaidi katikati, kwa kuwa katikati ndiko usukani unakokaa muda mwingi wa safari. Ukikaza nati mpaka katikati iliyochakaa isigonge, umebana kupita kiasi pembeni ambako meno bado ni mazima. Kwa hiyo usukani unakuwa laini katikati na unang'ang'ania ukishakata kona. Mkikuta tabia hiyo, muulizeni mwenye gari kama kuna aliyegusa raki. Nati hiyo ina kipimo chake kwenye kitabu cha gari: inakazwa kwa nguvu maalumu, kisha inarudishwa nyuma kwa nyuzi maalumu, raki ikiwa mahali palipoelekezwa. Raki isiyokubali kipimo hicho bila kugonga imechakaa. Kuikaza zaidi ni kumpa mtu gari linalokataa kunyooka katikati ya kona, na hakuna kelele ya kugonga iliyo hatari kama hilo.

Hidroliki yenyewe inaweza kuleta shida, ila ni mara chache kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya usukani wa hidroliki kuna vali inayofunguka upande unaogeuzia, na kijiti chembamba cha chuma kinachojisokota kidogo kuifungua na kuirudisha katikati ukilegeza. Vali ikinata kwa uchafu, inaendelea kusaidia upande uleule hata baada ya mkono kuondoka. Jaribio lake ni rahisi: magurudumu yakiwa hewani, mikono nje ya usukani kabisa, washeni injini. Usukani ukianza kujizungusha wenyewe, vali haiko katikati. Na kama gari linarudi vibaya injini ikiwa inafanya kazi, lakini likiwa juu ya stendi injini imezimwa kila kitu ni laini, basi upande wa msaada ndio wa kuchunguzwa, pamoja na bomba la kurudisha mafuta kama limezibwa au limepindika.

Usukani wa umeme una hesabu nyingine. Mota yake na gia zake zina uzito ambao kasta peke yake inapata taabu kuuvuta, kwa hiyo kompyuta ya usukani inasaidia kuurudisha kwa makusudi. Inajuaje katikati ni wapi? Kwa kihisio cha pembe ya usukani. Na inajuaje kwamba dereva amelegeza? Kwa kihisio cha nguvu ya mkono. Kihisio cha pembe kikiamini kwamba katikati iko mahali pengine, usukani utarudishwa mahali hapo pengine, au msaada wa kurudi utafifia. Hili hutokea baada ya alaimenti kufanywa na usukani kunyooshwa bila kuweka upya sifuri ya kihisio, au baada ya fimbo ya usukani kufunguliwa. Hapo mashine ya kusomea kompyuta ya gari ni lazima, na utaratibu wa kuweka sifuri unafuatwa kama mtengenezaji alivyouandika, gari likiwa tambarare na magurudumu yamenyooka. Msijaribu kung'oa fyuzi ya usukani wa umeme na kwenda barabarani ili kulinganisha. Fanyeni jaribio hilo juu ya stendi tu.

Tuseme sasa umegawanya mfumo wote, na kila kitu kinageuka kwa ulaini. Hakuna kinachokaba. Hapo, na hapo tu, ndipo unapata haki ya kusema kwamba nguvu ya kurudisha imepungua. Sasa alaimenti ina kazi.

Lakini alaimenti ipi? Mara nyingi linalofanywa kwa jina hilo ni kurefusha na kufupisha tairodi ili matairi yasitazame ndani wala nje kupita kiasi. Kazi hiyo inaokoa matairi na kunyoosha usukani, ila haigusi kasta. Kasta inapimwa kwa kukanyagisha magurudumu kwenye sahani zinazozunguka na kuyageuza kwa nyuzi zilizopangwa, kwa kawaida 20, kila upande. Karatasi ya majibu isiyo na kasta haijawaambia chochote kuhusu usukani usiorudi. Idaini.

Na kasta ikionekana ndogo, msikimbilie kuirekebisha. Kwenye magari mengi haina hata mahali pa kurekebishia. Imebadilika kwa sababu kitu kimehama: bushi, yaani kishikizo cha mpira, ya nyuma ya mkono wa chini unaoshika gurudumu imekatika na gurudumu limerudi nyuma, fremu ndogo inayobeba injini ilishushwa na kurudishwa ikiwa imeegemea upande, au gari liligonga na sehemu ya juu inayoshika shokapu ikapinda. Kasta ya upande mmoja ikiwa ndogo kuliko ya mwingine, gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, na hiyo ni njia nzuri ya kuhakikisha mashine haijawadanganya.

Walioinua magari yao nawaomba wasikilize. Gari lenye ekseli nzima mbele, likiinuliwa kwa springi ndefu, ekseli inajizungusha kidogo kwa kufuata mikono inayoishika, na kasta inapungua. Gari linapendeza, linapita kwenye mawe, lakini barabarani linatangatanga na usukani haurudi. Dawa yake ni bushi zenye tundu lililosogezwa kando, au mikono iliyotengenezwa kwa urefu huo mpya, ili ekseli irudishwe kwenye ulalo wake. Kuinua nyuma peke yake kwa springi za mzigo nako kunapunguza kasta, kwa kuwa gari zima linainamia mbele. Mtu akikwambia tatizo lilianza baada ya springi, mwamini.

Gari likishapona, rudini palepale mlipolipima mwanzo, mwendo uleule, kona zilezile, kushoto na kulia. Bolti ya krosi ikazwe kwa kipimo chake, alama zenu za rangi zikutane, pini za kufungia nati za tairodi ziwe mpya. Kisha mwonyesheni mwenye gari kifaa kilichotolewa. Akishike, akigeuze kwa vidole vyake, asikie mwenyewe mahali kilipokuwa kinakwama, na kwenye risiti kiandikwe kwa jina lake, ili fundi atakayelipokea gari hilo baadaye ajue pa kuanzia.

Nimemaliza kwa upande wangu. Gari la mafunzo liko kwenye stendi nyuma yenu. Vijana watangulie, wazungushe usukani wake kwa vidole kabla hawajaambiwa kasoro iko wapi, kisha tupokee maswali.